Watazamaji wa The Sound of Music na Hukumu Zao

Picha ya The Sound of Music ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini New York tarehe 2 Machi, 1965, katika jumba la Rivoli. Wahakiki wa magazeti makubwa ya mji huo waliilaumu tangu asubuhi ya pili yake, na watu wakaenda kuitazama. Walikwenda mwaka ule, wakaenda mwaka uliofuata, na wengine hawajaacha kwenda hata leo, miaka sitini na zaidi tangu siku ile. Basi tangu mwanzo picha hii ina makundi mawili ya mahakimu: wachache waliolipwa ili waitazame, na wengi waliolipa ili waitazame. Liko na kundi la tatu, ambalo aghalabu husahauliwa, nalo ni la watu wa nchi ile inayosimuliwa. Hao waliikataa kwa sababu zisizofanana na za wahakiki hata kidogo. Makala haya yahusu hukumu hizo tatu. Sikusudii kuzipatanisha. Nionavyo mimi, kila moja iliona jambo la kweli, na kila moja ilifumba jicho mahali ambapo lingeona jambo kubwa zaidi.

Kwa ajili ya msomaji ambaye hajaiona, kisa ni hiki. Maria, msichana anayejiandaa kuwa mtawa mjini Salzburg katika nchi ya Austria, hawezi kushika kanuni za nyumba ya watawa. Huimba panapotakiwa kimya na huchelewa panapotakiwa kuwahi. Mama Mkuu ampeleka awe mlezi wa watoto saba wa nahodha mmoja aliyefiwa na mkewe, Georg von Trapp, mtu anayetawala nyumba yake kwa filimbi kana kwamba ni merikebu. Maria awafundisha watoto kuimba, nyumba yapata uhai, nahodha amwacha mwanamke wa kikabaila aliyekuwa karibu kumwoa na kumwoa Maria. Kisha Wajerumani waitwaa Austria, nahodha aamriwa kutumika katika jeshi lao la majini, na jamaa nzima yatoroka kwa miguu kupitia milimani. Muziki ni wa Richard Rodgers na maneno ya nyimbo ni ya Oscar Hammerstein. Ilikuwa kazi yao ya mwisho pamoja, kwani Hammerstein alikufa mwaka 1960, miezi michache baada ya mchezo wao kuanza kuonyeshwa jukwaani mjini New York mnamo Novemba, 1959. Picha iliongozwa na Robert Wise, maandishi yake ni ya Ernest Lehman, na sehemu ya Maria ilichezwa na Julie Andrews.

Bosley Crowther, mhakiki wa New York Times, alimsifu Julie Andrews, na sifa zake ziliishia karibu hapo. Mchezo aliuona wa kizamani na wenye utamu uliozidi. Watu wazima waliomzunguka mwanamke yule aliwaona wabaya, na Christopher Plummer, aliyecheza sehemu ya nahodha, akamwona mbaya kupita wote. Judith Crist wa Herald Tribune naye hakuipenda. Lakini aliyeishambulia kwa nguvu zaidi alikuwa Pauline Kael, ambaye wakati ule aliandika katika McCall's, gazeti la wanawake. Kwake picha hii ilikuwa hila ya wafanya biashara, uongo uliotiwa sukari ili umezwe kwa urahisi. Alidai kwamba mtazamaji hubanwa mahali panapotoa machozi, akayatoa, kisha akadhani kuwa ameguswa moyo. Akauliza kama katika watoto wale saba hakuwako hata mmoja asiyependa kuimba, au aliyetapika kwa hofu kabla ya kupanda jukwaani. Kael aliondoka katika gazeti lile mwaka 1966, na habari ikaenea kwamba makala hayo ndiyo yaliyomfukuzisha. Mhariri wake alikana. Alisema kwamba sababu haikuwa picha moja bali desturi ya mwandishi huyo ya kuzilaumu karibu picha zote zilizopendwa na watu. Hata hivyo hadithi ya kufukuzwa ndiyo iliyokaa vichwani, maana yapendeza: mhakiki asema kweli, umati wamwadhibu.

Swali la Kael ni zuri, na lina jibu. Katika jamaa ile ya kweli alikuwako binti mmoja aliyeteswa sana na hofu ya kusimama mbele ya watu. Picha haimjui mtoto wa namna hiyo. Watoto wake saba huimba kama ndege waimbavyo, bila jasho wala ugomvi, na kila mtu aliyewahi kufundisha kwaya ya watoto hata kwa juma moja ajua kwamba huo ni uongo. Katika hili mhakiki alikuwa na haki. Lakini hakuishia hapo. Kutoka katika kuihukumu picha alivuka akawahukumu watazamaji, akasema kwamba watu watakubali chochote mradi kiwe kitamu, na kwamba mafanikio ya picha hii yatafanya iwe vigumu kwa picha zilizo bora kutengenezwa. Hayo ni madai juu ya watu, na madai juu ya watu huweza kupimwa kwa matendo ya watu wenyewe.

Matendo hayo yajulikana. Picha iligharimu yapata dola milioni 8, na kufikia mwaka 1966 ilikuwa imeipita Gone with the Wind ya mwaka 1939 kwa fedha ilizokusanya, jambo ambalo hakuna picha nyingine iliyoliweza kabla yake. Ilipata zawadi tano za Oscar, mojawapo ya picha bora ya mwaka. Mjini London, katika jumba la Dominion, ilionyeshwa kwa zaidi ya miaka mitatu mfululizo. Sahani ya santuri ya nyimbo zake ilikuwa ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Uingereza kwa majuma 70 kwa jumla, katika miaka ile ile ambayo vijana wa Liverpool walidhaniwa kuwa wameyateka masikio yote ya nchi hiyo. Yasimuliwa habari ya mwanamke mmoja wa Cardiff aliyeitazama zaidi ya mara mia tisa. Na yasimuliwa kwamba mwenye jumba moja la sinema mjini Seoul, alipoona ni ndefu mno, aliifupisha kwa kuziondoa nyimbo. Kama kisa hicho ni cha kweli, basi watazamaji wake ndio pekee duniani waliohukumu hadithi tupu ya picha hii, na ningetoa mengi ili nijue walisemaje.

Wingi wa watu si hoja. Vitu vingi vibaya hupendwa na wengi, na Kael alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Lakini kampuni ya Twentieth Century-Fox, iliyoitengeneza picha hii, ilimwamini Kael bila kujua kwamba yamwamini. Ilikuwa karibu kufilisika kwa ajili ya gharama za Cleopatra ya mwaka 1963, na nyimbo za Salzburg ndizo zilizoiokoa. Wakubwa wake wakafanya hesabu ile ile aliyoifanya mhakiki, yaani watu wataka utamu, basi tuwape zaidi. Wakatoa Doctor Dolittle mwaka 1967. Mwaka 1968 wakatoa Star!, kwa mwongozaji yule yule, Robert Wise, na mchezaji yule yule, Julie Andrews. Mwaka 1969 wakatoa Hello, Dolly! kwa gharama kubwa mno. Zote tatu zilileta hasara. Watazamaji walewale walioambiwa kuwa hawabagui walikaa majumbani mwao. Utamu ulikuwamo, nyimbo zilikuwamo, mavazi yalikuwamo kwa wingi kuliko mwanzo, na mwanamke waliyempenda alikuwamo, nao hawakwenda. Basi kilichowavuta mwaka 1965 hakiwezi kuwa sukari peke yake. Kael alisema kweli juu ya wenye kampuni, kwani fedha nyingi zilipotea kwa kuiga. Juu ya watazamaji alikosea.

Yafaa basi kuuliza waliona nini. Robert Wise alianza kazi katika chumba cha kukatia na kuunga picha. Yeye ndiye aliyeiunga Citizen Kane ya Orson Welles mwaka 1941. Mtu wa kazi hiyo haamini wimbo kwa kuwa ni wimbo. Huuliza wimbo unasogeza nini. Tazama wimbo ambao Maria awafundishia watoto noti za muziki. Waanza mlimani, watoto wamekaa majanini, wamevaa nguo zilizoshonwa kwa mapazia, hawajui noti hata moja. Kila kipande cha wimbo chawakuta mahali pengine: ukingoni mwa mto, juu ya baiskeli, katika gari la farasi, katika bustani ya Mirabell. Wimbo haukatiki hata mara moja, lakini siku zakatika. Ufikapo mwisho, juu ya ngazi za bustani, watoto ni waimbaji, nasi hatukuambiwa kwamba muda umepita. Mwandishi wa riwaya angehitaji sura nzima ili ayafanye hayo, na pengine angetuchosha. Watu walioimba wimbo huo wakitoka katika jumba la Rivoli hawakuwa wajinga. Walikuwa wamefundishwa pamoja na wale watoto, kwa njia ile ile, nao wamehitimu.

Au tazama ngoma ya barazani. Usiku wa karamu, Maria amfundisha mtoto mmoja ngoma ya kienyeji ya Austria, nahodha atokea nyuma na kushika nafasi ya mtoto. Hapana maneno wala wimbo. Sauti ya muziki ni ile ile ya wimbo wa vikaragosi tuliokwisha kuusikia ukiimbwa kwa kelele na kicheko, sasa umepunguzwa mwendo hata hautambuliki upesi. Wazunguka, mikono yapishana, nyuso zakaribiana, kisha Maria asimama na kusema kwamba hakumbuki hatua zinazofuata. Mtoto amwambia kuwa uso wake umekuwa mwekundu. Hapo mapenzi yametangazwa kwa watazamaji wote isipokuwa wapendanao. Sioni sukari katika tendo hili, naona kiasi. Na ni ajabu kwamba wahakiki waliolaumu wingi wa maneno matamu hawakukaa zaidi mahali hapa pasipo na neno.

La tatu ni saa ambayo nahodha, akiwa amekwisha kumfukuza Maria kwa hasira, asikia sauti za watoto wake kutoka ndani ya nyumba. Aingia, asimama mlangoni, kisha naye aanza kuimba, kwa sauti ya mtu aliyesahau kwamba ana sauti. Wengi hulia hapa. Kael angesema wamebanwa. Mimi nasema kwamba kilio hiki kina sababu iliyojengwa kwa saa nzima iliyotangulia: nyumba iliyokatazwa muziki kwa kuwa muziki humkumbusha mwenyewe mkewe aliyekufa sasa yaimba, na aliyekataza ndiye aitikiaye. Plummer yastahili asifiwe zaidi kuliko Crowther alivyomsifu. Aliichukia picha hii, akaibandika jina la dhihaka lililolingana kwa sauti na jina lake la kweli, na kwa miaka mingi hakupenda kuulizwa habari zake. Uzeeni tu ndipo alipolegea. Ukavu huo wa moyo waonekana usoni pake, nao ndio chumvi ya chakula chote. Mwongozaji angempata nahodha aliyependa mchezo huu, pengine Kael angekuwa amesema kweli. (Sauti ya kuimba tuisikiayo si ya Plummer, bali ya mwimbaji Bill Lee. Watu wamelia kwa miaka sitini kwa uso wa mtu mmoja na koo la mwingine, wala machozi hayakupungua kwa hilo.)

Huo ndio utetezi wangu kwa watazamaji. Sasa nataka kuwauliza jambo moja, na wahakiki nao pamoja, kwa kuwa hapa wote walipita bila kusimama.

Katika mchezo wa jukwaani wa mwaka 1959 zilikuwamo nyimbo mbili za yule mwanamke wa kikabaila, Elsa, na rafiki yake Max. Moja ni ya mzaha juu ya mapenzi ya matajiri. Ya pili ni ya maana sana. Katika wimbo huo Elsa na Max wamshauri nahodha ainame, kwa kuwa Wajerumani watakuja atake asitake, dunia itaendelea kuzunguka, na mwenye akili hutazama nafsi yake. Nahodha akataa, na kwa kukataa huko uchumba wavunjika. Yaani katika mchezo wa jukwaani wachumba hawa waachana kwa sababu ya siasa: mmoja yu tayari kukaa na Wanazi na mwingine hayuko tayari. Katika picha nyimbo hizo mbili zimeondolewa. Rodgers aliongeza nyingine mbili, muziki na maneno yake mwenyewe kwa kuwa mwenzake alikuwa amekufa, na uchumba sasa wavunjika kwa sababu nahodha ampenda Maria. Elsa, mwanamke mwerevu, aondoka kwa heshima na mzaha. Hatujui hata kidogo angefanya nini siku bendera zilipobadilika.

Upungufu huu si mdogo. Katika mchezo, uovu waingia nyumbani kwa njia ya wageni wazuri, wenye kuvaa vizuri, wapendao muziki, ambao hawamchukii mtu yeyote na ambao hawataki tu kusumbuliwa. Hiyo ndiyo njia uliyoingilia kwa kweli. Tarehe 12 Machi, 1938 majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka, na siku chache baadaye umati mkubwa ulimshangilia Hitler katika uwanja wa Heldenplatz mjini Vienna. Kura iliyopigwa tarehe 10 Aprili ilitangazwa kuwa na asilimia 99.7 ya kukubali. Haikuwa kura huru, lakini makelele ya furaha hayakuwa yote ya kulazimishwa. Tarehe 30 Aprili vitabu vilichomwa moto katika uwanja wa Residenzplatz, katikati ya Salzburg ile ile ambamo watoto wa picha hii hupita wakiimba. Katika picha, Wanazi ni mkuu wa chama mwenye uso mkali, mtumishi wa nyumbani aliye msaliti, na kijana mpeleka simu. Ni wabaya, na wanajulikana kuwa wabaya tangu waingiapo. Mtu wa katikati, mwenye kukubali kwa kuwa kukataa kuna taabu, ametolewa.

Kwa haki, picha ina jambo moja ambalo ni kali kuliko mchezo. Rolf, yule mpeleka simu aliyempenda binti mkubwa wa nahodha, katika mchezo awagundua wakimbizi mafichoni, amwona msichana, na kunyamaza. Mapenzi yameshinda. Katika picha nahodha amsogelea, amnyang'anya bastola, amwambia kuwa hatakuwa kamwe mmoja wao, na kijana, kwa kuumizwa na neno hilo, apuliza filimbi na kupiga kelele. Lehman alijua alilofanya. Lakini angalia tena: hata hapa ukali wamwangukia mtoto wa miaka kumi na saba, na wakubwa wenye mali na busara wameepushwa.

Wahakiki wa New York walilalamika kwamba picha ni tamu. Utamu ulikuwa kosa dogo. Kosa kubwa lilikuwa kukatwa kwa ule ugomvi mmoja ambao ungemfanya mtazamaji ajiulize yeye mwenyewe angeketi upande gani mezani.

Yangetarajiwa kwamba watu wa Austria wangependezwa. Picha yawaonyesha kuwa taifa la watu wema waliovamiwa, na hayo ndiyo waliyoyasema wao wenyewe tangu mataifa makubwa yalipoitaja Austria, katika Tamko la Moscow la mwaka 1943, kuwa mhanga wa kwanza wa Hitler. Walakini picha haikudumu katika majumba yao, wala nyimbo zake hazikujulikana. Sababu nyepesi zatajwa mara nyingi. Wajerumani na Waaustria walikuwa na picha yao wenyewe juu ya jamaa hii, Die Trapp-Familie ya mwaka 1956, na mwendelezo wake wa mwaka 1958, naye Ruth Leuwerik ndiye Maria wao. Nyimbo walizozizoea humo zilikuwa zao. Hizi za Rodgers ni za New York. Ua lililoimbwa na nahodha katika wimbo wake wa kuaga ni ua lao, lakini wimbo waliambiwa na wageni kuwa ni wa kale wa nchi yao, nao hawakuwahi kuusikia. Na katika wimbo mmoja mashuhuri nyama ya schnitzel yaliwa kwa tambi, jambo ambalo humfanya Mviena acheke au akasirike kwa kadiri ya njaa yake.

Nyingine si nyepesi. Mjini Munich mkuu wa tawi la kampuni aliikata picha baada ya harusi. Watazamaji wa huko waliona arusi, kengele, na taa zikawashwa. Wanazi wote walibaki katika kapu la chumba cha kukatia. Makao makuu yaliamuru sehemu iliyokatwa irudishwe, na mkuu huyo akaondolewa kazini. Na watengenezaji wa picha wamesimulia kwamba watawala wa Salzburg walisita kuruhusu bendera za msalaba wa Kinazi zitundikwe tena Residenzplatz kwa ajili ya kupigia picha. Walipoambiwa kwamba badala yake zitatumiwa picha za habari za mwaka 1938, ambamo watu wa mji waonekana wakishangilia, waliruhusu. Miaka 27 tu ilikuwa imepita. Waliokuwa na umri wa miaka ishirini siku ile hawakuwa bado na hamsini. Picha ambayo mtu wa London aliiona kuwa hadithi ya kupendeza yenye hatari kidogo mwishoni, mtu wa Salzburg aliiona kuwa maswali kutoka kwa watoto wake. Hata uongo wa kumsifu mtu humkera, ikiwa wataja mahali alipokuwa. Chansela Franz Vranitzky alikiri mbele ya bunge sehemu ya Waaustria katika uovu ule mwaka 1991 tu.

Jamaa yenyewe ilikuwa na malalamiko mengine. Georg von Trapp wa kweli, aliyekuwa kamanda wa manowari za chini ya maji katika vita vya kwanza, alikuwa mtu mpole apendaye muziki, na watoto wake waliumia kumwona amefanywa mkali asiyejua kucheka. Maria hakuja kulea watoto saba, bali kumfundisha mmoja aliyekuwa mgonjwa, mwaka 1926; waliolewa na kuoana mwaka uliofuata, zaidi ya miaka kumi kabla ya Wajerumani kuja. Kilichowatia katika uimbaji wa kazi kilikuwa kufilisika: benki walimoweka mali yao ilianguka mwaka 1935. Na mwaka 1938 hawakupanda mlima wowote. Walipanda gari moshi kwenda Italia, ambako Georg alikuwa na haki ya uraia kwa kuwa mji alikozaliwa ulikuwa umeingia mikononi mwa Italia. Wakazi wa Salzburg hupenda kuwaeleza wageni kwamba atakayevuka milima ile kwa miguu atajikuta Ujerumani, karibu na Berchtesgaden, nyumbani kwa Hitler mwenyewe. Na kile kilima ambacho Maria azunguka juu yake mwanzoni mwa picha, kilima kinachojulikana kuliko vyote vya Austria, kiko upande wa Bavaria.

Sidhani kuwa makosa haya ya historia yaliharibu kitu kwa watazamaji, wala sidhani kuwa yalipaswa kuharibu. Maria von Trapp mwenyewe, mwanamke mwenye hasira kali kwa ushuhuda wa watoto wake, alipita kwa kitambo kidogo nyuma ya Julie Andrews katika picha hii, mpita njia tu barabarani. Sanaa haikula kiapo cha kusema yaliyotendeka. Lakini iko tofauti kati ya kuwapandisha watu mlima ambao hawakuupanda na kumwondoa mezani mtu aliyekuwa ameketi.

Mwaka 1999, katika tamasha la picha za mashoga na wasagaji mjini London, watazamaji walipewa maneno ya nyimbo kwenye kiwambo, wakaimba pamoja na picha. Tangu hapo desturi hiyo imeenea katika nchi nyingi. Watu huja wamevaa mavazi ya watawa, mapazia, hata vifurushi vya karatasi vilivyofungwa kamba. Humzomea yule mwanamke wa kikabaila, huwafokea Wanazi, na nahodha amwonapo Maria hupiga vigelegele. Wahakiki wa 1965 hawakuwaza kwamba mtazamaji aweza kuupenda utamu na kuucheka papo hapo, kwa kinywa kimoja. Hawa hawakumeza kitu bila kujua. Na msomaji aliyelelewa katika ngano zenye kiitikio hatashangaa sana. Kwake jambo la ajabu ni hadhira iketiyo kimya mpaka mwisho.

Lakini kuna mahali ambapo kuitikia kwao kwanitia mashaka. Karibu na mwisho nahodha asimama jukwaani katika Felsenreitschule, mbele ya maafisa wa Kijerumani, aimba wimbo wa ua lile, sauti yamkatika, na wakazi wa Salzburg walioketi mbele yake wainua sauti na kuumalizia wimbo kwa ajili yake. Hapo watazamaji wa London, wa Chicago na wa Sydney nao huimba, wakiungana na umati ule wa kwenye kiwambo, na wote wawili ni wema. Ni tendo zuri kupita yote katika picha, na ni umati ambao haukuwako. Yule aliyeimba katika wimbo uliokatwa, akamshauri rafiki yake ainame, angekuwa ameketi katika safu za mbele.

Mchezo wa The Sound of Music ulifika katika jukwaa la Volksoper mjini Vienna mwaka 2005, na katika Landestheater ya Salzburg mwaka 2011, miaka 46 baada ya picha. Ni mchezo wa jukwaani uliochezwa huko, si picha, na katika maandishi ya mchezo Elsa na Max bado wana wimbo wao.